Sekretere na Pe-O Yake

Majina yake ninayajua yote. Lile alilopewa na baba yake, lile la ubatizo, lile wenzake wa masomo walimuita kwa kumucheka, na lile muke wake alimuita wakiwa peke yao, maana hema la plastiki halifichi kitu. Sitaandika hata moja. Watu wengine wote wa habari hii nitawataja kama wanavyoitwa. Yeye ataitwa Sekretere, na sababu itaonekana yenyewe.

Komite ya kambi ya wakimbizi pale Mugunga, karibu na Goma, ndiyo ilimupa kazi hiyo ya kutuandikia barua, na mushahara wake ulikuwa viazi vitamu, kutoka kwa mwenye navyo. Asubuhi aligeuza bidoni ya manjano, dumu la maji, akaiweka juu ya jiwe la volkano lililolala vizuri, akakaa na ubao magotini. Mufukoni mwa koti kulikuwa kalamu mbili. Ya buluu ilikuwa ya maneno yetu. Nyekundu ilikuwa ya kujisahihisha yeye mwenyewe. Akimaliza ukurasa aliupuliza, pff, pff, kama wino wa zamani, na kalamu yenyewe ilikuwa biki ya kawaida isiyolowanisha kitu.

Mama Sifa, jirani yangu wa hema, Muhunde wa Masisi mwenye mudomo usiofungwa, alikuwa anamuuliza: "Sekretere, unapoza ugali?"

"Ninapoza maneno, Mama Sifa. Yenu ni ya moto."

Alisema kama anavyoandika, alama zote akizitamka kwa Kifaransa: virgile ni mukato, pwen ni nukta. "Nitapita kesho, virgile, kama mvua haitanyesha, pwen." Watoto wa kambi walimuigiza mupaka nao wakawa hawawezi kuomba maji bila pwen mwishoni. Hata ugomvi wa nyumbani aliupanga kwa nambari. Tulikuwa tunamusikia: "Primo, chumvi. Secundo, ndugu yako." Na muke wake anajibu kutoka jikoni: "Tertio, hakuna makala ya kupikia." Hapo tulicheka sisi wote, hema kwa hema, na mambo yakaisha.

Barua zake zilikuwa na desturi mbili, na ni kwa hizo mbili watu walimupenda. Ya kwanza: hakuna karatasi iliyotoka mukononi mwake bila kusomwa kwa sauti mbele ya wenyewe. Siku moja kambi iliomba plastiki mpya kwa shirika moja, juu ya mvua iliyokuwa inalala na sisi. Akasoma: "Kwa unyenyekevu mukubwa, tunawaomba..."

Mama Sifa akamukata. "Nani alisema unyenyekevu?"

"Ni namna ya kuandika, Mama."

"Mimi nilisema maji yanaingia. Andika maji yanaingia."

Akachukua kalamu nyekundu, akafuta unyenyekevu, akaandika maji yanaingia. Akasoma tena. Tukakubali. Akapuliza.

Desturi ya pili ndiyo kiini cha habari. Mbele ya sinyatire yake, sahihi yake, aliandika kila mara herufi mbili, P.O. Mutu yeyote aliyepita katika biro, ofisi za kwetu, anazijua. Shefu akiwa hayuko, karani anatia sinyatire kwa niaba yake, lakini kwanza anaandika Pe-O, par ordre, kwa amri: mukono ni wangu, amri ni ya mwingine. Sekretere aliziweka hata penye hakuna shefu. Shefu ni ninyi, alituambia. Mwanamuke mumoja akiomba dawa ya mutoto, Pe-O. Kambi nzima ikiomba vyoo, Pe-O. Na ukimusifu kwa barua nzuri alijibu vilevile siku zote: "Mimi niliandika tu. Wenye maneno ni hawa."

Ninayasema haya mazuri kwanza, si kwa kumupamba. Ni kwa sababu bila hayo hakuna atakayeelewa namna tulivyomufuata.

Uongo hakuuandika. Kulikuwa na muke wa askari, Mama Chantal wa kambi ya jeshi ya Katindo, aliyemuita nyumbani kwake amuandikie ombi la musaada. Nilikuwa nimemusindikiza, nilikuwa na shuka za kuuza kule. Mama Chantal akasema: "Weka na mutoto wa dada yangu, kama wangu."

"Ni wako?"

"Ninamulisha."

"Basi tuandike, anamulisha mutoto wa dada yake."

"Hivyo hawatamuhesabu, Papa."

"Hawatamuhesabu, virgile, lakini itakuwa kweli."

Mama Chantal akamuita kalamu ya padri na akaondoa chai aliyokuwa amekwisha kuiweka mezani. Tukarudi Mugunga kwa miguu na njaa. Njiani Sekretere alikuwa na furaha kama mutu aliyetoka harusini. Nilimutazama, nikajisemea, huyu unaweza kumupa hata jina lako alibebe.

Sasa niseme juu ya jina la dada yangu, maana yote yanakwenda huko.

Tulipokimbia vita katika milima ya Masisi, mimi na dada yangu mudogo tulikuwa pamoja mupaka karibu na Sake. Pale akakumbuka ndama aliyemuacha amefungwa. Akaniambia, tangulia na godoro, ninamufungua tu. Akarudi. Sikumuona tena. Kwa baba yetu anaitwa Nyiramahoro. Kanisani ni Verediana. Alipozaa Jules, mulima wote ukamuita Mama Jules. Jules alipokufa, wenye huruma wakaanza kumuita Mama Rosine, kwa jina la mutoto wa pili, na wasio na habari wakaendelea na Mama Jules. Sokoni, juu ya kuuza jibini ya Masisi, alikuwa Mama Fromage. Mutu mumoja, majina matano. Ukimuuliza mutu wa Sake kama amemuona Verediana, atakuambia hapana, na labda amenunua jibini yake jana.

Sosiete moja, kampuni ya Ulaya, ilikuwa na programu ya telefoni ya kutafutana. Aliyepoteza ndugu anaandika jina, aliye kambi nyingine anaandika lake, mashini inawakutanisha. Mama wa sosiete alikuja mupaka Mugunga na viatu vya mvua, akatueleza kwamba programu hiyo ni ya wazi. Maandishi yake ya ndani yamewekwa mbele ya dunia yote, kila mutu anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, kuyatumia bila kuomba. Alisema: "Si yetu. Ni yenu." Mujukuu wangu Neema, aliyesoma informatike, mambo ya kompyuta, alitutafsiria, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Shida ni kwamba mashini haikujua majina ya kwetu. Kwake Verediana na Mama Fromage walikuwa watu wawili wasiojuana.

Basi tukaifundisha. Kila Dimanche baada ya misa tulikutana katika sale, ukumbi wa parokia wenye paneli ya jua na ordinateri moja, yaani kompyuta. Mimi nilitoa namna za kwetu, jinsi mwanamuke anavyoitwa kwa mutoto, na anavyohama jina mutoto akifa. Mama Sifa alitoa za Kihunde. Mama Kahindo, Munande aliyekuja na kikundi cha wakimbizi wa Rutshuru, ndiye alieleza kwamba kwao Kambale au Kahindo ni nafasi ya kuzaliwa. Kila nyumba ina Kambale wake, na mashini isije ikarudisha Kambale wa watu kwa mama asiye wake. Papa Bahati, mufanyabiashara wa maharage, alileta majina ya barabarani mupaka Bunagana, yale madereva na watu wa duane, yaani forodha, wanayowapa wanawake wa mizigo. Safari, musukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, alijua vilima vyenye majina mawili, moja la wakulima na moja la wachungaji. Godelive, naye wa kambi yetu, aliandika kwa mukono kile ambacho wazee Semivumbi na Ntibashima walisema, maana wao walikuwa hawasikii vizuri na walipiga kelele. Neema aliyageuza yote kuwa kanuni za mashini. Sekretere alikaa mbele, akapanga, akasahihisha Kifaransa, akatusomea tena kila mwisho wa kikao.

Tulikuwa na ordinateri moja na adresi moja ya mutandao, na adresi ilikuwa ya Sekretere. Kwa hiyo kila kitu kilikwenda Ulaya kwa jina lake. Hakuna aliyeona ubaya. Barua za vyoo pia zilikwenda kwa jina lake.

Siku ya kutuma mara ya kwanza, mashini ikasimama. Ikatoa ukurasa murefu wa Kiingereza, na chini kabisa kisanduku kidogo cha kutia alama. Neema akausoma pole pole, akasema: "Ni mukataba wa wanaochangia. Bila kukubali hapa, kazi yetu wanaiacha mulangoni."

"Wanasema nini?" Papa Bahati aliuliza.

"Anayetia alama anahakikisha kwamba kazi ni yake, ameifanya yeye. Halafu anaipa sosiete ruhusa ya kuitumia kwa sheria yoyote itakayoitaka. Hata ikibadilisha sheria baadaye."

Sekretere alisogeza miwani. Alipandisha ukurasa, akaushusha, akaupandisha tena. "Na Pe-O inaandikwa wapi?"

"Hakuna nafasi, Papa Sekretere."

"Kila karatasi ina nafasi."

"Hii ni kisanduku tu. Unakubali au unaacha." Halafu Neema akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. "Papa, ingefaa kila mutu aliyefanya atie yake."

"Mama Kahindo ana adresi ya mutandao?"

"Hapana."

"Safari?"

Safari alicheka, akaonyesha mikono yake mitupu. Nje korali, kwaya ya parokia, ilikuwa inangoja sale, mupiga ngoma amekwisha kuanza kujaribu ngozi. Papa Bahati akasema: "Tia tu, Sekretere. Ni kama siku zote."

Nilisema alikuwa anasoma kila karatasi mbele ya wenyewe. Hii hakuisoma. Ilikuwa ndefu, ilikuwa ya Kiingereza, korali ilikuwa mulangoni. Alisema: "Ni formalite tu, mambo ya karatasi." Akatia alama. Halafu, kwa mazoea, akapuliza kioo cha ordinateri, pff, na sisi tukacheka mupaka Mama Sifa akashika mbavu.

Na kazi ilifanya kazi. Siwezi kusema vingine. Mama yake Papa Bahati, aliyepotea njia ya Rutshuru, alipatikana Bunagana, kwa jina la Nyina wa Bahati ambalo mashini isingelijua bila sisi. Papa Bahati alikwenda kumuchukua, akarudi naye amekaa juu ya magunia ya maharage kama shefu wa kimila. Alipita kila hema kushukuru. Alipofika kwa Sekretere alitaka kupiga magoti, Sekretere akamushika bega, akasema yale yake: mimi niliandika tu, wenye maneno ni hawa. Nilikuwa pale. Niliyasikia.

Toka siku hiyo kila asubuhi nilimupa Neema telefoni atafute dada yangu kwa majina yake matano. Siku zingine mashini ilitoa Verediana mwingine, siku zingine haikutoa kitu. Lakini watu wapya waliandikwa kila siku, na sisi tulikuwa na mulango wazi.

Halafu sosiete ikamutumia Sekretere tishati. Nyeusi, ina jina la programu kifuani, na mugongoni imeandikwa muchangiaji. Alivaa chini ya koti, kwanza kwa aibu, baadaye bila koti. Akaivaa misani. Mama Sifa alimuambia: "Hiyo nguo tunaivaa kwa zamu, sivyo? Zamu yangu ni juma gani?" Sekretere akacheka pamoja na sisi. Hakuivua.

Halafu ikamupa kazi. Mwakilishi wao Goma. Alihama Mugunga, akapata nyumba ya mbao yenye sementi chini, Katindo, si mbali na kwa Mama Chantal wa ile chai. Kwenye mutandao kulikuwa na picha yake, amekaa, ameshika kalamu, na chini yake maneno kwamba yeye peke yake amekusanya hekima ya majina ya Kivu. Neema alinisomea. Nikamuuliza mara mbili, wameandika peke yake? Akasema: "Wameandika peke yake, Bibi."

Mutu akiniuliza Sekretere aliharibika lini, sijui kujibu. Tishati haikumuharibu, kazi pia haikumuharibu. Alipopata mushahara alimulipia mutoto wa Godelive matibabu bila kuambiwa. Alikuwa bado anakuja Mugunga na mukate. Alikuwa bado anawasikiliza wazee waliopiga kelele. Ila barua alikuwa haandiki tena, alisema mukono umechoka. Na neno lake, wenye maneno ni hawa, sikulisikia tena mudomoni mwake.

Kisha asubuhi moja Neema alifungua telefoni, akaandika Nyiramahoro, na mashini ikajibu kwamba huduma hii sasa ni ya mashirika yenye mukataba na sosiete. Akaandika Verediana. Jibu lilelile. Mama Jules, Mama Rosine, Mama Fromage, lilelile. Sosiete ilikuwa imebadilisha sheria ya programu yake. Mulango uliokuwa wazi ukawa wa wenye mukataba, na sisi wenye ndugu waliopotea hatukuwa shirika.

"Lakini walisema ni yetu," nilimuambia.

"Ile programu ya zamani imebaki wazi, Bibi. Tunaweza kuichukua hata leo. Ila majina ya watu walioandikwa yako ndani ya mashini ya sosiete. Tutakuwa na kapu zuri lisilo na kitu."

Neema hakulala juu ya jambo hilo. Aliuliza wenzake wa informatike, wa hapa na wa mbali, na wakamuonyesha njia moja. Sosiete iliweza kufunga kwa sababu mukataba uliipa ruhusa. Lakini mukataba una nguvu kwa aliyetia alama tu. Mimi sikutia. Mama Sifa, Mama Kahindo, Papa Bahati, Safari, Godelive, wazee wawili, Neema mwenyewe, hatukutia. Kanuni zetu bado zilikuwa ndani ya programu iliyofungwa. Kama Sekretere angeandika mustari mumoja, kwamba kazi aliyotuma ilikuwa ya watu hawa na hawa, na hawakumupa ruhusa hiyo, sosiete ingelazimika kuchagua: itoe kazi yetu na ibaki haijui majina, au ituachie mulango. Na tulitaka mulango tu.

Tukaenda kwake Katindo, mimi, Neema, Mama Sifa na Papa Bahati. Alitupokea vizuri. Viti vya plastiki, chai yenye maziwa, picha ya Bikira ukutani na tishati imetundikwa chini yake. Neema alieleza yote. Sekretere alisikiliza akiwa amefumba macho, kama zamani alipokuwa anatafuta neno.

"Primo," akasema, "sosiete ina haki yake. Mukono ulikuwa wangu. Secundo, munaniomba niandike kwamba siku ile nilihakikisha jambo ambalo si kweli. Munaniomba niandike kwamba mimi nilidanganya. Munanijua. Sijaandika uongo hata siku moja."

"Uliandika," Mama Sifa alisema. "Sisi tulikuwa hapo, tukacheka. Sasa unaulinda."

"Ninyi ndio mulisema tia."

"Tulisema kama siku zote," Papa Bahati alisema. "Siku zote unaweka Pe-O."

"Hakukuwa na nafasi!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Hakukuwa na nafasi, Papa Bahati. Niliuliza. Neema ni shahidi."

"Nafasi iko leo," Neema alisema. "Karatasi nyeupe, Papa. Yote ni nafasi."

Alifungua mudomo kusema tertio. Muke wake akatoka jikoni na birika, akamuongezea Mama Sifa juu ya chai aliyokuwa hajainywa, akasema pole pole, bila kumuangalia mutu: "Tertio, watoto wanasoma kwa mushahara huo."

Hakuna aliyecheka. Nilimuuliza Sekretere jambo moja tu. "Na dada yangu?"

Alijibu: "Nitamutafuta mimi kutoka biro, Mama. Nipe jina lake."

Jina lake. Mutu aliyekaa Dimanche hizo zote akisoma kwa sauti jinsi Mama Jules anavyokuwa Mama Rosine, ananiomba nimupe jina. Nilisimama. Chai ilibaki mezani: safari hii hakuna aliyeiondoa, ni mimi niliyeiacha.

Baada ya hapo watu waligawanya kosa lake. Papa Bahati alisema tumuache, kila mutu ana watoto. Mama Kahindo alisema sosiete ndiyo mwizi, Sekretere ni mufuko tu. Mimi sikuligawanya. Sosiete sikuijua, haikuwahi kunisomea barua yangu. Mutu ninayemujua ndiye anayeweza kunivunja.

Kambi zilivunjwa baadaye, tukaambiwa kila mutu arudi kwao. Mama Sifa alirudi Masisi na mabati mawili kichwani. Mimi nilibaki Goma kwa Neema, maana kwangu hakuna ukuta uliosimama. Biro ya sosiete ilifungwa, kazi ya Sekretere ikaisha nayo. Programu iliuzwa kwa sosiete nyingine, na Neema aliandika kwa hao wapya mupaka akachoka, hakuna aliyejibu. Niliona nitamutafuta dada yangu kwa mudomo, kama watu walivyotafutana zamani, nyumba kwa nyumba kwenye njia ya Sake.

Ndivyo nilivyomukuta Sekretere. Ilikuwa muchana, pale pale Mugunga penye hema zetu. Hakuna hema tena, kuna mawe meusi na maharage ya watu. Alikuwa amekaa juu ya bidoni ya manjano, ubao magotini. Koti lilikuwa lilelile, limekuwa kubwa kwake. Kalamu ilibaki moja, ya buluu.

"Mama," akasema, na akasimama kunipa bidoni.

"Kaa. Ninapita."

"Ninajua unapopita. Watu wananiambia. Ngoja kidogo, virgile, ninakuomba." Akatoa karatasi kwenye koti. "Nimeiandika."

"Umeandika nini?"

"Ule mustari."

Akausoma kwa sauti, amesimama, kama mbele ya kambi. Mimi niliyetia hapa chini sinyatire yangu, ninakiri kwamba kazi ya majina niliyoituma haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya watu wafuatao. Hapo akaishia. Nikaona karatasi: baada ya watu wafuatao kulikuwa nafasi nyeupe.

"Neema," akasema. "Mama Sifa. Papa Bahati. Wewe. Yule wa chukudu." Akaangalia mawe. "Kulikuwa na Munande. Na wazee. Mama, nisaidie, kichwa changu kimekwisha."

"Sosiete imeuzwa. Utamupelekea nani?"

"Sina wa kumupelekea. Ninataka tu iwe imeandikwa."

Ningeweza kumuacha na nafasi yake nyeupe. Lakini majina hayakuwa na kosa. Nikamutajia waliobaki, pole pole, naye akaandika wote: Safari. Mama Kahindo. Godelive. Muzee Semivumbi. Muzee Ntibashima, aliyezikwa Mugunga na kaburi lake sasa liko chini ya maharage. Nikasema: "Na Nyiramahoro."

"Huyo hakuwa sale na sisi."

"Andika. Ni kwa ajili yake nilikuja sale."

Akaandika. Akasoma yote tena toka juu, na mama mumoja aliyekuwa anapalilia akasimama kusikiliza. Kila jina lilikuwa mahali pake. Kisha akainama kutia sinyatire, na mukono wake, kabla ya jina lake, ukaandika herufi mbili zile. P.O.

"Futa," nilimuambia.

Hakuelewa. "Nini, Mama?"

"Pe-O. Hiyo karatasi hakuna aliyekutuma. Hiyo ni yako mwenyewe. Weka jina lako tupu."

Aliangalia karatasi. Akapapasa mufukoni, akitafuta kalamu nyekundu ambayo haikuwepo. Biki ya buluu ilikaa juu ya zile herufi, haigusi. Mama mupalizi alikuwa anatuangalia, jembe begani. Nilingoja mupaka jua likaanza kuniuma kichwani. Mwisho akainua karatasi midomoni, akaipuliza, pff, pff, akaikunja na Pe-O yake ndani, akairudisha kwenye koti.

"Nitaimaliza kesho," akasema. Hakuweka pwen.

Nikafunga kikwembe changu vizuri, nikaacha barabara kubwa, nikaelekea nyumba ya kwanza. Nikapiga hodi. Nikawauliza wenye nyumba kama wamemuona Nyiramahoro, Verediana, Mama Jules, Mama Rosine, Mama Fromage.